Anayelisha Bila Kuonja

Shinyanga, 11 Machi 1951

Kwa mpwa wangu Melania, mke wa Donatus, Geita mgodini

Mwangaluka, ng'wana wane, umeamkaje mwanangu. Hapa kwangu hakuna mgonjwa ila jogoo mmoja mwenye jicho bovu, na baiskeli yangu ambayo sasa inakohoa kuliko mimi. Tangu mke wangu Scolastika atangulie nyumba imekuwa na sauti nyingi, lakini mimi si mtu wa kuogopa sauti. Mama yako Bernadina ameniletea salamu kwa watu wa reli. Huko kwao Isaka mvua imewakumbuka, mtama umesimama vizuri, na ng'ombe wake mweusi amezaa pacha. Mumeo Donatus msalimie, mwambie bado namdai mkono wake tushindane nguvu.

Sasa kaa chini usikie. Mjomba wako Jilala, niliyeacha shule darasa la pili kwa sababu mwalimu alikuwa hana jipya la kunifundisha, leo ndiye mwenye kuongoza mji huu. Watu wanaoandikwa kazi ya mgodi huko kwenu wanashuka hapa kwa treni wakiwa hawajui kushoto wala kulia, wanangoja lori siku mbili tatu, na zamani walikuwa wanashinda na njaa au wanalewa mpaka lori linawaacha. Karani wa uandikishaji akaniita. Akasema, "Mzee Jilala, watembeze hawa, wale, waone mji, wasipotee." Kwa nini mimi? Kwa sababu hakuna chungu Shinyanga nisichokijua jina la baba yake.

Naanzia stesheni. Nawaambia, "Nyie mnadhani Shinyanga ni pamba na ng'ombe. Mji huu unaliwa kwanza, ndipo unaonekana." Nawapeleka kwa Serafina sokoni, anauza matobolwa, viazi vile vilivyochemshwa na kuanikwa mpaka vinakuwa vigumu kama jiwe la kunolea, unatafuna na karanga mpaka taya linakuomba msamaha. Kutoka hapo mtaa wa Wahindi, chai ya tangawizi na bajia. Halafu kwa bibi wa Kimanyema, pilau yake inanusika mpaka relini. Kisha nsansa, yale majani ya kunde makavu yaliyoungwa kwa karanga, na furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Njiani nawaonyesha fundi anayewamba ngoma, nawaeleza habari za Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma, wanavyoshindana kucheza baada ya mavuno, na yule mcheza na chatu ambaye mwaka juzi chatu wake alimkimbia akaja kunivaa mimi shingoni, nikamrudisha mwenyewe kwa mkono mmoja. Tunamalizia kwa Ghati, mama wa Kikurya, ugali wa ulezi na maziwa mgando. Mama huyo hacheki, lakini ugali wake unacheka.

Mdogo wako Mabula nimemtembeza juzi, pamoja na wenzake wa lori la alfajiri. Amekuwa dume, mabega kama mlango! Alikula kila mahali. Aliniuliza tu, "Mjomba, mbona wewe huli?" Nikamwambia mimi asubuhi nilimaliza ndama mzima, nimebakiza kwato. Wenzake walicheka sana. Tulipofika kwa Ghati nikawatania, "Kuleni, wanangu, nenepeni, huko mnakokwenda mashine nayo inakula." Walicheka mpaka maziwa yakawatoka puani. Mabula peke yake ndiye hakucheka, ana roho nzito kama baba yake marehemu.

Nilimpandisha lori kwa mkono wangu huu. Barua hii itakapofika mtakuwa naye mezani.

Mjomba wako asiyeshindwa,
Jilala


Geita, 2 Aprili 1951

Shikamoo Mjomba.

Hapa tuko salama kwa mwili. Mtoto anatambaa, ameota meno mawili, anamng'ata baba yake. Donatus anafanya zamu ya chini, akirudi anasikia vibaya sikio moja kwa ajili ya baruti. Pole kwa jogoo.

Mjomba, Mabula hakufika.

Nimengoja kuandika nikidhani lori limekwama matope. Limefika. Nilikwenda mwenyewe kambini kwa wageni, nimewaangalia mmoja mmoja usoni mpaka wakaanza kuniona kama mtu mwenye wazimu. Nikamtafuta dereva, anaitwa Thobias, mtu mtaratibu. Akasema, "Dada, huyo wa Isaka hakupanda. Nilipiga honi, nikaita jina, giza bado. Nikaondoka." Nikamwambia mjomba wangu alimpandisha kwa mkono wake. Akasema, "Mjomba wako yupi? Pale hapakuwa na mtu yeyote aliyekuja kuwasindikiza."

Sasa nani mkweli kati yenu?

Mama kaniletea salamu kuuliza kama Mabula amefika. Nimemjibu amefika. Nimesema anakula vizuri, nikamtajia na kitanda anacholalia. Sijawahi kumdanganya mama tangu nizaliwe, na sasa kila nikilala naona kile kitanda, kitupu.

Kitu kingine, Mjomba, usinikasirikie. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mimi ni mpishi, naona vitu vya jikoni. Umeandika chakula cha mji mzima, umeandika kila mtu alikula nini. Hujaandika wewe ulionja nini. Hata kwa Ghati.

Tafadhali nijibu upesi, lori la barua linakuja mara moja tu kwa juma.

Mpwa wako,
Melania


Shinyanga, 6 Mei 1951

Melania, mwangaluka.

Nimechelewa kwa kuwa kalamu ilipotea. Jogoo amekufa. Mvua imekatika. Nafurahi mtoto ameota meno, ukoo wetu una meno ya chuma, mimi nisingekuwa na hili pengo la mbele kama si yule nyati wa Maswa aliyenikanyaga, na nyati mwenyewe alichechemea mpaka anakufa.

Barua yako imeniuma. Mtu mzima niliyekubeba mgongoni mpaka Isaka sokoni, leo unanipima na dereva! Kusema nilimpandisha kwa mkono wangu ni namna ya kusema. Nilimfikisha kwa Ghati jioni, nikamwonyesha mahali lori linaposimama, nikaenda kujinyoosha kidogo. Nilikuwa nimechoka, kazi yangu ni ya miguu. Alfajiri nilisikia honi. Nikajua amepanda. Mtu mwenye mabega kama yale atapoteaje? Labda kapata mwanamke. Labda kaenda kutafuta almasi. Vijana wa siku hizi.

Nimemuulizia. Nimeuliza stesheni, nimeuliza mnadani, nimeuliza mpaka kwa watu wa Mwakitolyo wanaoleta ng'ombe. Wananigeuzia mgongo, wanaondoka.

Nitakueleza jambo, lakini usimwambie Donatus akanicheka. Watu hapa wamebadilika. Nikipita sokoni wanawake wanafunika vyungu. Serafina, ambaye tunataniana tangu vita, juzi aliwavuta watoto wake nyuma ya gunia niliponyoosha mkono kumsalimia. Nikamuuliza, "Kuna nini, mke wangu wa utani?" Akasema, "Pita, Jilala. Pita tu." Juma lililopita niliwaongoza wageni kumi, njiani wakapungua, nilipofika kwa Ghati nyuma yangu amebaki mmoja, naye ni kiziwi.

Na usiku kuna mtu anatupa mawe juu ya bati. Si mengi. Linaanguka moja, kimya, halafu lingine. Mimi ambaye nimelala porini na fisi sasa nalala nimekaa, na panga magotini.

Wanasema mimi ni wa mumiani. Wanasema wale wanaonyonya watu damu wamenipa kazi ya kuwanenepesha, kisha linakuja lori lenye turubai, linawachukua gizani.

Upuuzi mtupu. Lakini nikuulize, Melania, na unijibu kweli. Wale niliowalisha mwaka huu wote, yule wa Kasulu mwenye kofia ya manyoya, wale ndugu wawili wa Bukombe, yule anayeimba, yule mwenye kidole kilichokatika. Umewaona huko? Wako hai? Maana hapa hajarudi hata mmoja.

Jilala


Geita, 27 Mei 1951

Shikamoo Mjomba.

Mtoto amesimama akishika kiti. Donatus amehamishwa juu kwa ajili ya sikio, namshukuru Mungu. Mama ametuma tena salamu, safari hii na kifurushi cha mlenda wa kukausha, "wa Mabula". Nimekiweka juu ya kabati, sitaki hata kukitazama.

Umeniuliza. Nimewaona wanne. Yule wa kofia ya manyoya anauza sigara kambini, wale ndugu wa Bukombe wako zamu moja, anayeimba bado anaimba. Mkataba wao bado, ndiyo maana hawajarudi. Wa tano usiniulize.

Habari za mumiani zimefika huku. Wanawake bombani wanasimulia mzee mmoja wa Shinyanga, mwembamba, mwenye pengo, anawatembeza watu kwenye vyungu, anawahimiza, nenepeni, mashine inakula. Mimi nasimama nao, ndoo kichwani. Hawajui ni mjomba wangu. Sijasema, na ninaona aibu kwamba sijasema. Unajua kitu gani kinachowatisha kuliko vyote? Si lori. Mmoja alisema, "Anawalisha, yeye haonji." Wote wakasogeleana.

Mjomba, kwetu hata maji, anayekupa huyagusa kwanza kwa midomo yake mbele yako, ndipo anakusogezea. Mabula amelelewa hivyo, na mama ndiye aliyemlea. Halafu anafika mjini, ndugu wa mama yake mwenyewe anamweka mbele ya vyungu sita, haonji hata kimoja, kisha anamwambia mashine inakula. Ningekuwa mimi ningekimbia. Ningekimbia, na nisingekimbilia nyumbani, maana nyumbani unapajua.

Nakumbuka ulipokuja kwenye msiba wa baba. Ulikaa matanga yote ukinywa maziwa tu, usiku ukijikunja nyuma ya zizi ukidhani hakuna anayekuona. Nilikuona. Nilikuwa mdogo lakini nilikuona.

Usiniandikie chatu. Usiniandikie nyati pia, mama alikwisha niambia lile jino lilivunjwa na mchi wa kinu. Niandikie tumbo lako. Au usiniandikie kwanza, waambie wao. Nenda ukaonje, Mjomba, mbele ya macho yao, kila chungu. Kama Mabula yuko hai, yuko mahali ambapo watu wanakuogopa.

Nisaidie. Uongo niliomwambia mama siwezi kuuongezea mwingine.

Melania


Shinyanga, 1 Julai 1951

Kwa Melania, mpwa wangu mwenye macho mabaya ya kuona usiku

Mwangaluka. Naandika nimelala kifudifudi, ndiyo maana mwandiko unapanda mlima. Yuko hai. Nimetanguliza hilo ili usome mengine ukiwa unapumua.

Barua yako niliisoma, nikaitupa, nikaiokota. Siku tatu sikutoka nje. Kisha mavuno yakaisha, ikaja siku ya ngoma, Bagika na Bagalu uwanja wa mnada, watu kutoka vijiji vyote, vumbi mpaka huoni jua. Wauza vyakula wote walikuwa wamehamia pale kwa mstari. Nikasema nitakwenda leo, wakiniua waniue mchana.

Sijafika hata kwenye ngoma, sauti ikaita, "Mumiani huyo!" Melania, umewahi kusikia ngoma ikinyamaza? Watu wale wote, na unasikia bendera ikipigwa upepo. Wakafunga duara. Kijana mmoja ana jembe la kuchezea ngoma, lakini jembe ni jembe. "Jilala, leo umekuja kupima mbavu za nani?" Mwingine, "Mgeuzeni, muone kama ana chupa ya damu." Nilitaka kuwaambia habari ya simba wa Kahama, ulimi ukagoma.

Nikakaa chini mkekani kwa Serafina. Sikuomba. Nikachukua tobolwa, nikatafuna. Akanitazama mdomo. Nikachukua lingine. Nikainuka, duara likasogea na mimi, nikaenda kwa bibi wa Kimanyema, nikala pilau na pilipili yake. Nikala bajia. Nikala nsansa, nikala furu na kichwa chake. Nilitembea ule mzunguko wangu wote, kama ninavyowatembeza wageni, ila safari hii mgeni ni mimi na nyuma yangu kuna mji mzima haupumui. Tumboni ilikuwa kama mtu anageuza makaa.

Mwisho Ghati. Alinipakulia ugali wa ulezi, kisha akatia pilipili kwenye maziwa, kwa makusudi, akiniangalia. Nikala. Machozi yakanitoka.

Akasema, "Mbona siku ile hukula?"

"Nilikuwa nimeshiba."

"Umeshiba mwaka mzima?"

Nikafuta machozi, nikatazama bakuli.

"Nakuuliza mbele ya watu, mzee. Mbona hukuonja chakula cha mtoto wa dada yako?"

Nikasema, "Tumbo."

"Nini?"

"Nina kidonda cha tumbo! Bwana mganga wa zahanati amenikataza mafuta, amenikataza pilipili, amenikataza kila kitu. Ninakula uji wa mtoto mchanga, na usiku nalia. Haya, mmeridhika?"

Serafina, yule mshenzi, akasema kwa sauti kubwa, "Huyu ndiye aliyemaliza ndama mzima!" Basi. Alianza kucheka mmoja, wakacheka watu mia, yule mwenye jembe alicheka mpaka akaliegemea. "Alibakiza kwato!" "Mwiteni Mzee Uji!" Nimekaa mji huu miaka kumi na minane, nimejenga jina tofali kwa tofali, na limeanguka lote kwa kicheko kimoja. Nikatapika hapohapo. Wakacheka zaidi. Ngoma zikaanza tena. Hakuna aliyenigusa.

Ghati ndiye hakucheka. Alinipa maji, akayagusa kwanza kwa midomo yake, akanipa. Akasema, "Ukiweza kutembea, nifuate."

Shamba lake liko nje ya mji, nyuma ya miamba. Nilijikokota. Kulikuwa na mtu anapura ulezi. Mabega kama mlango. Aliponiona akatupa mti, akashika njia ya miamba. Ghati akamwita, "Mabula! Amekula! Nimemwona kwa macho yangu, amekula vyote!" Akasimama huko juu, hashuki. Alisimama muda mrefu, Melania. Nimetazamwa na fisi, sijatazamwa hivyo. Mtoto wa dada yangu.

Ile jioni ya Machi alirudi kwa Ghati, akamwambia, "Mama, nifiche, mjomba wangu ameniuza." Akamficha. Muda wote huu analima kwake, haendi mjini, akisikia lori analala chini kwenye ulezi.

Ghati alikuwa na kibuyu cha maziwa, yasiyo na pilipili. Nikakichukua. Nikanywa funda moja, nikakinyoosha juu kuelekea kule alikosimama. Nikakishika hivyo mpaka bega likafa ganzi.

Akashuka. Akanywa. Hakuniamkia mpaka alipomaliza.

Nampandisha lori la Thobias wiki hii, na safari hii nitalala palepale lori linaposimama. Ana kifurushi nilichokufungia. Karani amenitaka niendelee kutembeza watu, nimekubali, ila nimemwambia tutapita pole pole na mimi nitaonja kidogo kila mahali, mpaka tumbo lishindwe. Na ule utani wa mashine nimeuacha.

Yule wa tano sikuulizi. Nimeelewa. Ni yule mwenye kidole kilichokatika, alipenda sana bajia.

Mjomba wako,
Jilala


Geita, 15 Julai 1951

Shikamoo Mjomba.

Mtoto anatembea. Hatua mbili, anakaa, anajipigia makofi. Sikio la Donatus linarudi. Anasema tumbo likipona uje mshindane mikono, atakuachia ushinde.

Mabula amefika. Alishuka kwenye lori akiwa mweupe kwa vumbi, nikashindwa kulia, nikaanza kumgombeza kwa sababu ya viatu. Amekaa nasi juma zima. Donatus alimpeleka mpaka mdomo wa shimo, wakasimama, wakasikia mashine inavyosaga mawe huko ndani. Wakarudi. Mabula akasema, "Dada, mjomba hakudanganya, inakula." Hatashuka. Kesho anapanda lori kurudi Isaka kwa ng'ombe wa mama, na mimi nitakwenda naye nikamwambie mama ukweli wa kile kitanda. Naogopa, lakini nitakwenda.

Jana kule bombani walianza tena zile habari za mzee mwenye pengo. Nikatua ndoo. Nikasema, "Huyo ni mjomba wangu, mdogo wa mama yangu, anaumwa tumbo." Walinitazama. Mmoja akaniuliza kama uji wa ulezi unamsaidia. Nikasema unamsaidia.

Kifurushi ulichotuma nilikifungua mbele ya Donatus na Mabula. Matobolwa ya Serafina, umeyafunga kwa jani la mgomba kama unavyofunga wewe, mafundo mawili. Mabula alinyoosha mkono, kisha akausimamisha, nikaona uso wake umebadilika, ule woga umerudi kidogo.

Nikamwonyesha kipande cha juu. Kilikuwa kimeng'atwa. Alama za meno zimeingia ndani kabisa, huku na huku, na katikati pameachwa pengo, lile la nyati wa Maswa.

Akakichukua hicho hicho, akala.

Mpwa wako,
Melania